Kilo au Paundi? Maisha ya Zeddy Chepchirchir Kemboi, 1991–2025

Wapendwa waombolezaji, kabla hatujasema alizaliwa wapi na alisoma wapi, kuna jambo ambalo mama yake ameamuru litangulie. Aliye ndani ya jeneza hili ni Zeddy. Si mtoto wa wenyewe, na jeneza si tupu. Tunajua yamesemwa. Yamesemwa sokoni, yamesemwa pale maziwa yanapopimwa, na jana yalisemwa hapa hapa chini ya tenti na vijana waliolishusha kutoka kwenye gari, kwamba jeneza ni jepesi mno na Wamarekani wametuletea mtu tusiyemjua. Kwa hivyo wasifu huu utasomwa wote, hata ukila muda wa mahubiri, na mchungaji atatusamehe. Ukifika mwisho kila mtu atajua kwa nini jeneza ni jepesi, na hatutaki kulisikia tena neno hilo.

Zeddy alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 huku kwetu Olenguruone, mtoto wa kwanza wa Mzee Kemboi na mkewe Jerotich. Asubuhi hiyo Jerotich alikuwa shambani akipalilia viazi. Uchungu ulipomshika alianza kushuka kuelekea zahanati, lakini hakufika. Mtoto alizaliwa kwenye boma la jirani kando ya njia, kabla hata maji hayajawekwa motoni, na ndiyo maana akaitwa Chepchirchir, msichana aliyekuja kwa haraka. Hakupimwa siku hiyo kwa kuwa mizani ilikuwa zahanati na yeye alikuwa njiani. Alipopelekwa baadaye, nesi alisema ana kilo mbili na nusu. Jerotich alimwambia nesi arudie, na nesi akarudia, na mizani ikasema vile vile. Tangu siku hiyo uzito wa Zeddy ukawa kazi ya mama yake. Mtoto alilishwa uji wa wimbi na maziwa mpaka majirani wakacheka. Hata alipokuwa mtu mzima, akija nyumbani kutoka Nakuru, mama yake hakumsalimia kabla ya kumshika mkono wa juu na kuubonyeza.

Alisoma Shule ya Msingi ya Chemisiret kuanzia 1998 hadi 2005, kisha akaingia sekondari na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 2009. Hakuwa wa kwanza darasani, na familia haitamsingizia leo. Insha zilimshinda. Hesabu alizipenda, lakini alikuwa na ugonjwa wa kutoamini jibu mpaka alifanye mara mbili, kwa hivyo mara nyingi kengele ililia akiwa bado na maswali ya chini. Mwaka wa 2010 alikwenda Nakuru kusomea mambo ya usafirishaji wa mizigo, akahitimu diploma mwishoni mwa 2012.

Februari 2013 aliajiriwa na Bi Khamisa Hemed, ambaye yuko nasi hapa, mwenye duka la kutuma vifurushi ng'ambo pale Free Area, Nakuru. Wengi wenu mmepitia duka hilo. Ndipo kina mama wa milimani hupeleka unga wa wimbi, majani ya chai na mboga ya isagek iliyoanikwa, ili mtoto aliye Amerika aonje nyumbani. Hapa Kenya tunapima kwa kilo. Kule Amerika wanapima kwa paundi, na kilo moja ni paundi mbili na kitu kidogo juu. Hicho kitu kidogo ndicho Zeddy alichokifanyia kazi maisha yake yote.

Alianza kwa kukosea. Mama mmoja alileta unga wa gorogoro sita. Kila mtu hapa anajua gorogoro ni kilo mbili, hivyo Zeddy akaandika kilo kumi na mbili, akabadilisha kuwa paundi, akafunga. Hakuweka mzigo kwenye mizani. Lakini gorogoro ni mkebe, na mkebe wa unga hauna uzito wa mkebe wa mahindi. Kule ng'ambo waliupima, wakaona karatasi inasema hili na mzigo unasema lile, wakauzuia. Uliporudi ulikuwa umevunda. Zeddy aliufungua mbele ya yule mama na kulia kuliko mwenye unga. Kesho yake alichukua rangi nyekundu akaandika ukutani, juu ya mizani, kwa herufi kubwa: KILO AU PAUNDI? SEMA. Maandishi hayo yapo mpaka leo.

Baada ya hapo hakuna aliyepata amani naye. Watu walizoea kugawa paundi kwa mbili, hivyo wakiambiwa begi lisizidi paundi hamsini walipakia kilo ishirini na tano. Zeddy alikuwa akiwaambia ni kilo ishirini na mbili na nusu na ushee, waondoe sufuria. Wengine walimbishia na kwenda zao. Mmoja wao alipiga simu kutoka uwanja wa ndege akisema amevaa sweta nne na koti mbili ili begi lipungue, na Zeddy akamwambia, "Pole sana. Mimi si nilikuambia? Sasa usikae karibu na heater." Ukimtajia namba bila kusema ni ya nini, alikukazia macho mpaka umalize. Bi Khamisa anasema alimfanyia kazi miaka minane na hakuwahi kumsikia akitamka uzito ukiwa uchi. Tunawaomba mlikumbuke hilo.

Kuhusu ndoa, Zeddy hakuolewa. Alichumbiwa na kijana wa upande wa Kuresoi, na koito, sherehe yetu ya mahari, ilikuwa imepangiwa Desemba 2020. Mwaka ule ule Zeddy akabahatika kwenye bahati nasibu ya kuhamia Amerika, na kijana akasema hawezi kungoja mtu anayevuka maji. Hatutamtaja jina kwa sababu huenda yuko hapa na amekwisha kunywa chai yetu. Tunamshukuru kwa kuja.

Aliondoka Septemba 2021. Siku ya kuaga, Bi Khamisa alimsimamisha kwenye mizani ya mizigo, akamwambia wamtume kama kifurushi. Alikuwa kilo sitini na tatu. "Paundi je?" akaulizwa. "Mia moja thelathini na nane nukta tisa," akajibu Zeddy, "na usinipunguzie hiyo nukta." Alifikia jimbo la Minnesota, akapata kazi kwenye ghala la vifurushi, na akaishi na Namalwa, binti wa Bungoma, aliyekuwa dada kwake kuliko tulivyojua.

Sasa tunafika mahali pagumu. Mama yake ameagiza hapa pasirukwe.

Krismasi ya 2022 Zeddy alipiga simu, na Jerotich akauliza lile swali lake. Umenona? Zeddy akacheka, akasema, "Niko mia na thelathini na mbili, mama." Jerotich aliiachia simu ikaanguka kwenye majani ya ng'ombe. Mia na thelathini na mbili! Gunia la mahindi ni kilo tisini, na mtoto wake amelipita! Hapa kijijini hakubaki mtu ambaye hakuambiwa. Kina mama wa kanisa waliambiwa, mwenye duka la mbolea aliambiwa, na mdogo wake Jerotich, huyu anayewasomea, aliambiwa mara nyingi kuliko alivyotaka. Ikaja na picha. Zeddy amesimama kwenye theluji ndani ya jaketi nene, uso tu ndio unaoonekana, na jaketi limejaa kweli kweli. Mama yake aliichapisha picha hiyo na kuiweka ukutani.

Pasaka ya 2024 akauliza tena. "Niko mia na kumi, mama." Jerotich akamkanya, akamwambia aache mambo ya diet za wazungu. Desemba iliyopita akauliza tena, na sauti ilikuwa imekwaruza, na video ilikuwa imezimwa, network ilikuwa mbaya siku hizo zote. "Tisini na mbili." Jerotich alisema, "Sawa basi, hapo panatosha, usishuke tena." Zeddy akasema, "Sawa, mama."

Zeddy alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, kwa saratani ya umio, lile bomba la koo linalopitisha chakula. Ugonjwa huo tunaujua huku kwetu. Hakuna ukoo hapa ambao haujazika mtu kwa sababu yake. Aligunduliwa nao Januari 2024, akatibiwa, akamwomba Namalwa asituambie. Jerotich alipoelezwa baada ya kifo, alisema labda ulimshika ghafla, kwa maana mtu wa kilo tisini na mbili hawezi kuwa ameugua siku nyingi. Hakuna aliyembishia. Hatukuwa na sababu, na sisi tuliamini vivyo hivyo.

Mwili ulifika Nairobi Jumanne iliyopita. Jerotich alikwenda kuupokea pamoja na mwanawe Kiplimo na mdogo wake huyu anayewasomea. Alikuwa amejikaza tangu nyumbani. Pale kwenye shedi ya mizigo, kijana wa wakala alitoa karatasi za kutia sahihi, na Jerotich, kwa mazoea ya maisha yake yote, akauliza uzito.

"Yote pamoja ni mia moja hamsini na nane, mathe," kijana akasoma.

"Na jeneza peke yake?"

Kijana akafunua karatasi ya pili, ile iliyoandikwa na watu wa mazishi kule Amerika. "Jeneza na sanduku lake la nje, tupu, ni mia mbili na sabini."

Jerotich ameuza viazi maisha yake yote na anajua kutoa uzito wa gunia kwenye mzigo. Alisimama akimtazama yule kijana.

"Tupu ni mia mbili na sabini," akasema polepole. "Na mtu akiwa ndani ni mia moja hamsini na nane. Sasa huyo mtu ako wapi?"

Kijana akaangalia karatasi, akaangalia foleni. "Mathe, mimi nasoma tu vile imeandikwa."

Hapo ndipo mama huyu alipovunjika. Aliketi sakafuni kwenye vumbi la shedi na kupiga kelele ambazo watu wa mizigo mingine waliacha kazi kuzisikiliza. Wamemtoa! Wamemtupa! Wameniletea sanduku! Alilikumbatia lile sanduku la mbao na kuligonga kwa kiganja akimwita, Zeddy, Zeddy, kama mtu anayebisha hodi. Kiplimo alijaribu kumwinua akashindwa, naye mwenyewe akaanza kulia. Waliomba jeneza lifunguliwe. Waliambiwa limefungwa kwa bati na kuchomelewa, na haliwezi kufunguliwa bila kibali cha watu wa afya. Ndipo Jerotich alipompigia mumewe simu. Mzee Kemboi alikuwa amekwisha kuonyesha vijana mahali pa kaburi. "Kemboi, usichimbe," alisema. "Sizikii watu sanduku. Mtu asiguse jembe mpaka nimwone mtoto wangu." Mzee akawarudisha vijana nyumbani, na hivyo ndivyo maneno yalivyofika sokoni.

Kiplimo alisema twende kwanza Nakuru kwa Khamisa, anazijua hizo karatasi. Gari la jeneza lilitangulia, sisi nyuma, na kutoka Nairobi mpaka Free Area Jerotich hakusema ila neno moja, akilirudia: tupu.

Bi Khamisa alikuwa amefunga duka kwa ajili ya msiba. Alitufungulia, akamketisha Jerotich kwenye kiti cha wateja, chini ya yale maandishi mekundu, akazichukua karatasi na kuziweka mezani bega kwa bega. Hakuchukua muda.

"Mama Zeddy," alisema, "hii ya kwanza imeandikwa na watu wa ndege, ni kilo. Hii ya pili imeandikwa na watu wa mazishi, ni paundi. Yule kijana amekusomea zote kama kitu kimoja."

Alipiga hesabu, akaifanya mara mbili, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi ya duka hilo tangu enzi za Zeddy. Paundi mia mbili na sabini ni kilo mia moja ishirini na mbili na nusu. Ndiyo jeneza na sanduku. Zote pamoja ni kilo mia moja hamsini na nane. "Kwa hivyo kuna mtu ndani," alisema Bi Khamisa. "Yuko ndani, dada yangu. Hawakumtupa."

Jerotich alishika kifua. Alimshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kikalenjin na kwa Kiswahili, akamshika Bi Khamisa mikono na kuibusu. Yuko ndani! Kongoi, Khamisa, kongoi! Kwa dakika chache tulifurahi, Mungu atusamehe, tulifurahi kama watu walioletewa mtoto mzima. Kisha tukaona midomo ya Jerotich ikisogea. Alikuwa akitoa jeneza kwenye jumla.

"Thelathini na tano na nusu," alisema.

Akamgeukia Bi Khamisa.

"Khamisa. Hapo ndani kuna kilo thelathini na tano na nusu?"

"Ndiyo, Mama Zeddy." Bi Khamisa hakutaja kwamba gauni na blanketi pia vimo humo na vina uzito wao. Alituambia hilo baadaye.

"Basi huyo si wangu," Jerotich alisema, na akasimama. "Gunia la viazi linalokubaliwa na serikali ni kilo hamsini. Wameniletea mtoto wa shule. Wangu ni tisini na mbili. Aliniambia mwenyewe Desemba, kwa mdomo wake. Wamebadilisha. Kiplimo, wapigie, wamebadilisha!"

Bi Khamisa alifumba macho. "Alikuambia tisini na mbili gani?"

"Gani nini?"

Bi Khamisa alitazama ukutani, juu ya mizani, na sisi sote tukatazama alikotazama.

Jerotich alikataa. Alikataa kwa hasira, akasema Khamisa amekaa na hesabu mpaka zimemharibu. "Zeddy hawezi kutaja namba bila kusema ni ya nini. Ni wewe ulituambia! Hata unga wa kilo moja alikuwa anasema kilo. Mtu kama huyo atanidanganya mimi?" Bi Khamisa alisema basi aulizwe aliyekaa naye, na Kiplimo akampigia Namalwa, akaweka simu mezani tusikie wote.

Namalwa alilia kabla hajasema chochote. Aliomba msamaha kwa kunyamaza, akasema aliapishwa. Halafu akasema yote. Zeddy hakuwahi kufika hata kilo sabini. Mia na thelathini na mbili zilikuwa paundi, kilo sitini hivi, na ile mara ya kwanza ilimtoka tu, kwa kuwa ghalani wanaongea paundi kutwa. Aliposikia mama yake akishangilia alicheka mpaka akaketi chini. Akasema atamrekebisha simu ijayo, iwe mzaha wa mwaka mpya. Kila simu akaiahirisha. Kisha chakula kikaanza kukwama kooni. Ile mia na kumi ilikuwa kilo hamsini. Ile tisini na mbili ilikuwa kilo arobaini na moja na ushee, na wakati huo alikuwa hamezi kitu kizito kuliko maji ya uji.

"Na unga niliotuma?" Jerotich aliuliza.

"Alikuwa ananiambia nimpikie, mama. Naupika, anakaa hapo kando ya sufuria anasikia harufu. Kisha mimi ndiye nakula, na yeye ananiambia nisibakishe."

"Na jaketi? Kwa picha alikuwa mnene."

"Jaketi ni yangu, mama. Mimi ndiye mnene."

Hakuna aliyecheka, ingawa Zeddy angecheka.

"Nilimwambia, si umweleze mathe ni paundi," Namalwa akaendelea. "Nilimwambia mara mingi sana. Ile ya mwisho akanijibu, 'Hapa kila mtu akiniangalia anahesabu mifupa. Wacha kuwe na mtu mmoja duniani ambaye kwake mimi ni mnene. Na sijamdanganya mama. Namba ni za kweli.'"

Simu ilipokatika Jerotich aliinua macho akatazama mizani. Akasema, "Khamisa, niwekee hapo thelathini na tano na nusu."

Bi Khamisa alielewa. Alichukua mifuko ya unga iliyokuwa ikisubiri kusafiri, akaipanga kwenye gunia juu ya mizani, akaongeza, akapunguza, akaongeza kimfuko cha majani ya chai, mpaka mshale ukatulia. Akafunga gunia. Jerotich, ambaye ana miaka hamsini na tisa na mgongo unaomsumbua, aliinama, akalikumbatia na kuliinua. Alisimama nalo katikati ya duka, kidevu juu yake, miguu ikitetemeka lakini amesimama.

"Ningembeba," alisema. "Si mnaona? Angerudi akiwa hai ningembeba mgongoni mpaka nyumbani. Mbona hakuniambia? Mbona hakuniambia, nimbebe?"

Tulilichukua gunia kutoka mikononi mwake kwa shida.

Kiplimo aliuliza kama atafute kibali, jeneza lifunguliwe. Mama yake ndiye aliyekuwa amelia lifunguliwe tangu Nairobi, na sasa ni yeye aliyekataa. "Msifungue," alisema. "Aliniambia yuko mia na thelathini na mbili. Alitaka nimwone hivyo, na nitamwona hivyo." Kisha akampigia mumewe simu, akamwambia achimbe.

Mtashangaa basi kwa nini ameruhusu haya yasomwe mbele yenu wote. Tulimuuliza. Alisema kule kunyamaza kulikuwa zawadi ya mtoto wake kwake, naye ameipokea. Hamkutumiwa ninyi. Ninyi semeni ukweli, aliye humu ni Zeddy, na ni kilo thelathini na tano na nusu. Kilo.

Marehemu amewaacha baba yake, Mzee Kemboi. Mama yake, Jerotich. Mdogo wake, Kiplimo. Mama zake wadogo, wajomba na shangazi. Bi Khamisa Hemed wa Free Area, aliyemwajiri na kumlea. Na Namalwa, aliyekula chakula chake alipoombwa na kunyamaza alipoombwa, na ambaye kuanzia leo mama Jerotich anamhesabu kuwa binti yake.

Jambo la mwisho ni kwa vijana wa kubeba. Tunajua si desturi yetu mama kushika jeneza la mtoto wake, na wazee wamekwisha kusema waliyotaka kusema. Atashika mshikio wa mbele, upande wa kushoto. Mwachieni nafasi, na msimwambie apumzike njiani. Ataweza.

Zeddy Chepchirchir, uliyekuja kwa haraka na kuondoka kwa haraka, mama yako anakupeleka. Lala kwa amani, ukiwa umeshiba.